Watumikaji wa hospitali na kifo: saa moja ya kuzungumza ni haki ya kazi

Tarehe 1 Desemba 2025 serikali yetu ilitangaza kwamba Ebola ya Bulape, kule Kasai, imekwisha. Hesabu ilisomwa ku radio: wagonjwa 64, waliokufa 45. Kati ya walioambukizwa kulikuwa watumikaji wa afya. Wakubwa walishukuru, watu wakapiga mikono. Sisi tulisikiliza habari ile katika biro yetu ndogo ya sindika, huku Katanga, mbali sana na Kasai. Mmoja wetu akauliza: "Na bale ba-enfirmie benye kubakia, beko namna gani?" Hakuna aliyejibu. Radio ilikuwa imekwisha kupita ku mupira.

Swali lile ndilo tunalileta leo mbele ya wasomaji. Katika inchi yetu tunahesabu wagonjwa, tunahesabu wafu, wakati mwingine tunahesabu na falanga. Lakini yule aliyeshika mkono wa mgonjwa mpaka ukapoa, yule aliyefunga macho ya maiti, yule aliyekwenda kuambia jamaa, hakuna anayemuuliza kitu. Kesho yake anarudi ku kazi sawa vile hakuna kilichopita.

Msomaji atasema: watu wa mine wanatafuta nini ku lopitali? Jibu ni rahisi. Hospitali ya kampuni iko ndani ya konvansio kolektivi yetu, na wauguzi wake ni wanachama wetu sawa na wachimbaji na mafundi. Tena, jiwe likituangukia, ni wao wanatupokea. Wakituosha mara ya mwisho, ni mikono yao. Kwa hiyo habari yao ni habari yetu.

Usiku uliotufungua macho

Tueleze kisa kimoja. Hatutaji kampuni wala hospitali, juu jambo hili haliko la nyumba moja tu.

Usiku mmoja mawe yaliangukia timu ya usiku. Wenzetu watatu walipelekwa hospitali, na wawili wakafa mbele ya mapambazuko. Kwenye serivisi kulikuwa muuguzi mmoja mwanamke na msaidizi wake. Mmoja wa wale wawili alikuwa jirani yake wa kartie; watoto wao wanasoma shule moja. Alimuosha, akamfunika, akaandika karatasi. Saa kumi na mbili ya asubuhi akapitisha sindano kwa wagonjwa wengine. Saa moja akatoa ripoti kwa wenzake wa mchana, akarudi nyumbani, akapikia watoto.

Mchana alikuwa tena kwenye kilio, sasa kama jirani, amekaa kwenye mkeka pamoja na mjane. Mjane akamuuliza mbele ya mama wote: "Ulikuwa naye. Alisema nini mbele ya kufa?" Ukweli ni kwamba marehemu hakusema kitu, hakuwa na nguvu ya kusema. Muuguzi akakosa jibu. Aseme ukweli? Atunge neno la kufariji? Akanyamaza, na watu wengine walichukua ukimya ule kama kuficha.

Siku chache nyuma ya pale tuliitwa kwenye mkutano wa ajali. Ripoti ilikuwa na kurasa nyingi: habari ya miamba, taa, nguzo, radio za mkono. Juu ya hospitali kulikuwa mstari mmoja tu: majeruhi walipokelewa. Mama yule aliinua mkono akasema: "Ninyi ba mine muko na kozeri kila asubui mbele ya kushuka ku shimo. Siye tunashika bafu benu na mikono yetu, na hakuna hata mutu anatuuliza tulilala namna gani."

Tulinyamaza wote, direksyo na sindika pamoja. Na sisi delege tulijisikia haya zaidi, juu kwa miaka tulikuwa tunadai kwa wauguzi prime, viatu na gari la usiku, lakini kitu hiki hatukukifikiri hata siku moja.

Si jambo la jana

Inchi yetu iko na historia ndefu ya watumikaji wa afya wanaokufa pamoja na wagonjwa wao. Mwaka 1976 Ebola ilipoonekana mara ya kwanza kule Yambuku, watu 318 walipatwa, 280 wakafa. Katika hospitali ile ya misioni watumikaji walikuwa 17. Kati yao 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Mwaka 1995 kule Kikwit, kwa wagonjwa 315, watumikaji wa afya walikuwa 80. Kati ya waliokufa walikuwamo masista 6 wa Italia, wa shirika la Poverelle la Bergamo, waliokuwa wanatunza wagonjwa na wakatunzana wao kwa wao. Halafu ikaja Ebola ya Nord-Kivu na Ituri, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020: wagonjwa 3 470, waliokufa 2 287. Pale hata risasi iliingia. Tarehe 19 Aprili 2019 munganga wa Cameroun, Richard Mouzoko, aliyetumwa na Shirika la Afya la Ulimwengu, aliuawa kule Butembo, ndani ya hospitali, wakati wa mkutano wa kazi.

Kule Kivu walijifunza jambo moja. Mwanzo, timu za maziko zilikuja na mavazi meupe, zikachukua maiti, jamaa ikabaki mbali. Watu wakakasirika, wakaficha wagonjwa, wakapiga mawe. Nyuma walibadilisha: jamaa wapate kuona, wapate kuomba, mchungaji ao shehe awe pale, maziko yawe salama lakini ya heshima. Ilionekana kwamba mtu hatulizwi na dawa peke yake. Kifo kiko na desturi yake, na ukiikanyaga, hata dawa inakataliwa.

Somo lile liliwafikia jamaa za wafu. Haliwafikii bado wale wanaotumika na kifo kila siku. Na kwa kweli wengi wao hawatumiki na Ebola. Wanatumika na malaria ya watoto, na mama wanaokufa kwa kuzaa, na ajali za barabara ya Likasi na Kolwezi, na mashimo ya wachimbaji wadogo. Juni 2019 karibu na Kolwezi ardhi ilifunika wachimbaji, waliokufa zaidi ya 40. Septemba 2020 kule Kamituga, Sud-Kivu, mvua kubwa ilijaza mashimo, waliokufa karibu 50. Kila mara magazeti yalihesabu. Kila mara kulikuwa wauguzi wachache usiku ule.

Wanabeba nini?

Tangu mkutano ule tulianza kuuliza, na tukasikia mengi. Tunayapanga hapa kwa mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kukosa vitu. Oksijeni imekwisha, umeme umekatika, damu haipatikani. Muuguzi anajua kazi yake, anajua mgonjwa angeweza kupona, na anamuona anakwenda. Usiku anajiuliza: nilimuua mimi? Hakumuua, lakini hakuna anayemwambia hivyo, na yeye mwenyewe hajiamini.

Fungu la pili ni deni. Katika hospitali nyingi za inchi yetu, mgonjwa asiyelipa fakture anazuiliwa, na maiti pia inazuiliwa ku morgi. Gratuité ya uzazi, iliyoanza Kinshasa Septemba 2023, ilikuja juu ya jambo sawa hili kwa mama na watoto wachanga. Lakini kwa wengine hali inaendelea. Anayekataza jamaa kuchukua maiti si yule aliyeweka bei. Ni mtumikaji mdogo, naye ndiye anayetukanwa.

Fungu la tatu ni namna ya kuambia. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo wima mlangoni. Unatafuta mjomba, ao mzee wa jamaa, unamkalisha, unaanza mbali. Ku lopitali hakuna nafasi ya kukalisha mtu, na hakuna saa. Muuguzi kijana wa miaka 23 anasema neno lile kwenye koridoo, mama anaanguka chini, na kijana anabaki na kelele ile masikioni kwa miaka.

Fungu la ine ni la ndani zaidi. Munganga anaeleza kifo kwa kusema "kwa nini": damu ilitoka sana, moyo ulichoka. Jamaa inauliza swali lingine: "nani?" Nani alimtuma? Nani ndani ya jamaa? Kwenye mine wanasema shimo linataka watu, na kwamba tajiri fulani ametoa wenzetu. Muuguzi anasimama katikati. Shuleni alifundishwa "kwa nini". Nyumbani alizaliwa ndani ya "nani". Jumapili anasikia kanisani kwamba yote ni mpango wa Mungu. Mtoto wa miaka miwili akimfia mkononi, majibu yote matatu yanapigana ndani ya kifua chake, na hana mahali pa kuyaweka. Si kukosa elimu. Hata waganga wakubwa walituambia, kwa sauti ya chini, kwamba swali lile wanalo.

Wengine wamefanya nini?

Tulitafuta kama kuna watu wengine waliojaribu kusaidia watumikaji wa afya kusema juu ya kifo na maana ya kazi yao. Wako.

Kule Boston, Marekani, mwanasheria mmoja jina lake Kenneth Schwartz alipata kansa ya mapafu akiwa na miaka 40. Mwaka 1995, mbele ya kufa, aliandika kwenye gazeti namna wauguzi na waganga walivyomsaidia kwa wema mdogo mdogo: mkono juu ya bega, swali juu ya mtoto wake. Aliacha kituo chenye jina lake. Tangu 1997 kituo kile kilianzisha mikutano ndani ya hospitali: kwa kawaida mara moja kwa mwezi, saa moja, watumikaji watatu ao wanne wanaeleza kisa kilichowagusa, na wengine wote, kutoka munganga mpaka mtu wa usafi, wanasikiliza na kuongeza lao. Hawatafuti dawa ya ugonjwa, hawatafuti mwenye makosa. Uingereza walianza hivyo mwaka 2009. Waliochunguza jambo lile kule Uingereza waliona kwamba kwa wale wanaohudhuria mara kwa mara, mateso ya roho yalishuka karibu nusu; kwa wasiohudhuria hayakubadilika sana.

London pia kulikuwa mama Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, halafu akawa munganga. Mwaka 1967 alifungua nyumba ya kutunza watu wanaokaribia kufa. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yako na sehemu nyingi: ya mwili, ya mawazo, ya jamaa na falanga, na ya roho. Mafundisho yale yalifika hata kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1993 munganga Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala, na morfini ya kunywa ya bei ndogo. Tangu 2004 sheria ya Uganda inaruhusu wauguzi waliofundishwa kuandika morfini wao wenyewe. Tunataja jambo hilo juu ni la maana sana: muuguzi aliye na kitu cha kupunguza maumivu anaweza kukaa karibu na anayekufa bila kukimbia. Maneno bila morfini ni nusu ya kazi.

Lakini msifikiri kukaa pamoja na kuuliza maana ya maisha ni kitu cha kizungu. Wazee wetu wa Kolwezi wanakumbuka Jamaa. Miaka ya 1950, padri Placide Tempels, Mufransisko wa Ubelgiji, aliyeandika kitabu juu ya falsafa ya Bantu mwaka 1945, alikaa na watumikaji wa mine na bibi zao. Alianza na kuwauliza wao ni watu gani na wanatafuta nini. Walizungumza kwa Kiswahili juu ya mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Watu wa mine, wenye mikono ya mafuta, walikaa usiku na kufikiri juu ya mambo makubwa, bwana na bibi pamoja. Nyuma yake migawanyiko ilitokea, wengine wakageuza mafundisho kuwa siri na cheo, na maaskofu wakaingia kati. Tunachukua masomo mawili pale. Watu wa kazi wanaweza kufikiri juu ya kifo na maana bila diplome. Na siku kikundi kinapopata mkubwa mwenye majibu yote, kinaharibika.

Tulivyojaribu sisi

Kwa ruhusa ya munganga mkubwa wa hospitali, bila karatasi ya direksyo, tulijaribu mara tano. Alhamisi ya mwisho ya mwezi, saa nane, wakati timu mbili zinabadilishana. Chai na mikate sindika ililipa.

Mara ya kwanza iliharibika. Tulimuita mchungaji mmoja afungue kwa sala fupi. Alihubiri dakika 40. Mwislamu mmoja wa laboratwari aliondoka polepole, na Mkatoliki akaangalia saa. Kosa lilikuwa letu.

Mara ya pili munganga alisema yeye. Alieleza vizuri sana ugonjwa uliomuua mgonjwa, tarakimu zote. Wengine wakaandika kama wako shuleni. Hakuna aliyefungua kinywa.

Mara ya tatu tuliweka sharia. Moja: kinachosemwa hapa kinabaki hapa, na jina la mgonjwa halitajwi. Mbili: hakuna mkubwa, munganga anakaa kwenye kiti sawa cha wengine, na delege wa sindika pia. Tatu: hakuna kuhubiri na hakuna kucheka imani ya mwingine, kila mtu aseme "mimi naamini", asiseme "ninyi mpaka muamini". Ine: hakuna kutoa shauri kama halikuombwa. Tano: anayetaka kunyamaza anyamaze.

Siku ile alisema mzee wa morgi. Ni mtu ambaye wengine hawamsalimie kwa mkono. Alisema kwamba maiti ikizuiliwa juu ya fakture, yeye anakwenda kila asubuhi kuiomba radhi. "Naiambia: papa, ao mama, haiko mimi, sina funguo ya biro. Benye kuwa na funguo beko kule yulu." Aliongeza kwamba hajamwambia mtu hata mmoja, hata bibi yake, juu wangesema ana bulozi. Kimya kikakaa. Halafu munganga, yule yule wa tarakimu, akasema kwamba yeye pia, kila mara mgonjwa akimfia kwenye meza, anasema neno moja kwa maiti mbele ya kutoa glavu. Hakusema neno gani, na hakuna aliyeuliza.

Mara ya ine yule mama wa kilio alieleza swali la mjane. Wenzake hawakumpa shauri. Mmoja alisema tu: "Mimi pia niliulizwa vile, nikadanganya. Mpaka leo sijui kama nilitenda vibaya." Walizungumza saa nzima juu ya uongo wa huruma: je, ni dhambi, je, ni dawa? Hawakumaliza. Lakini nyuma yake mama yule alikwenda kwa mjane, akamwambia ukweli: hakusema kitu, lakini hakuwa peke yake, nilimshika mkono. Mjane alilia, akashukuru.

Mara ya tano walikuja watu wengi kuliko viti. Hatusemi kwamba tumepona wote. Kuna waliokuja mara moja wakasema haiwasaidii, na tunawaheshimu. Lakini tumeona watu wa serivisi mbalimbali wanasalimiana, na mzee wa morgi anapewa mkono.

Wanaotukatalia

Wako watu watatu wanaotupinga, na kila mmoja ana neno la kusikilizwa.

Wa kwanza ni direksyo. Wanasema: tuko na kapela, tuko na mchungaji, na anayechoka aende kwa munganga wa akili. Tunajibu: kapela ni nzuri, lakini si wote wanaingia, na mchungaji hakuwa kwenye serivisi usiku ule. Mgonjwa wa akili atunzwe na munganga wa akili, sawa. Lakini mtu anayelia juu mtoto amekufa si mgonjwa. Ni mtu mzima mwenye akili yake. Anachohitaji ni wenzake waliokuwa pale.

Wa pili ni wanachama wetu wenyewe. Wanasema: "Munataka kutulalisha na maneno. Tupeni salere!" Hao tunawaelewa zaidi ya wote. Katika hospitali za serikali kuna wauguzi wanatumika miaka bila matrikile na bila mshahara, wanaishi na prime ndogo. Mtu wa namna ile ukimwambia aje tuzungumze juu ya maana ya maisha, ana haki ya kukuuliza kwanza watoto watakula nini. Kwa hiyo tunasema wazi: saa hii haichukui nafasi ya salere, wala ya glavu, wala ya oksijeni. Patron akileta saa ya kuzungumza na kupunguza prime, tutaikataa mbele ya wote. Lakini pia hatukubali wazo kwamba mtumikaji ni tumbo tu. Wazee wetu wa Gécamines walidai chakula, na walidai pia sanduku na gari la maziko kwa mfanyakazi aliyekufa. Walijua kwamba heshima mbele ya kifo ni sehemu ya mkataba wa kazi.

Wa tatu ni watu wa kanisa wanaoogopa kwamba tunaleta dini nyingine. Hatuleti. Mkatoliki abaki Mkatoliki, Metodiste abaki Metodiste, Mwislamu na Mkimbangu vile vile, na asiyeamini asilazimishwe. Tunataka tu mtu aweze kusema mbele ya wenzake kwamba imani yake inamsaidia, ao kwamba siku fulani ilishindwa kumsaidia, bila kuhukumiwa.

Tunachodai

Kanuni yetu ya kazi ya 2002 inadai usalama na afya kwenye kazi. Juni 2022 Shirika la Kazi la Ulimwengu lilihesabu kazi salama na yenye afya kati ya haki za msingi za mtumikaji. Hatuoni sababu neno "afya" liishie kwenye mapafu na mgongo. Mtu wa mine anapewa kozeri kila asubuhi, na dakika zile zinalipwa, juu kazi yake iko na hatari. Kifo ni hatari ya kazi ya muuguzi: hakimvunji mfupa, lakini kinamvunja polepole.

Kwa hiyo, katika mazungumzo yanayokuja ya konvansio kolektivi, tutaweka haya mezani:

Kwanza, saa moja kila mwezi kwa watumikaji wote wa hospitali, pamoja na watu wa morgi, wa usafi na wa gari la wagonjwa. Saa ile ihesabiwe kama kazi na ilipwe. Anayetaka anakuja, asiyetaka hasumbuliwi.

Pili, wanaoongoza wachaguliwe na watumikaji wenyewe, wabadilishwe kila mwaka, na wafundishwe. Direksyo isipate ripoti ya yaliyosemwa.

Tatu, nyuma ya kila ajali kubwa, timu iliyopokea majeruhi ipate mapumziko mbele ya kurudi, na jina lake liingie kwenye ripoti ya ajali. Si mstari mmoja.

Ine, chumba kimoja chenye viti na mlango, ambapo jamaa inaambiwa habari ya kifo kwa heshima. Ni kitu cha bei ndogo sana katika hospitali.

Tano, morfini ya kunywa na mafunzo yake. Na mtumikaji asitumwe tena kuzuilia maiti juu ya deni. Mwenye biro ya fakture aende yeye mwenyewe kusema na jamaa.

Kwa hospitali za serikali na za makanisa, ambazo haziko ndani ya konvansio yetu, tunaomba sindika za wauguzi na za waganga tukae pamoja. Kwao hali ni mbaya kuliko kwetu, na hatutaki kuwa na kisiwa cha watu wenye bahati ndani ya mine.

Tunajua direksyo itatuuliza hesabu: saa moja mara watu wangapi, ni falanga ngapi? Hesabu tutaleta. Nasi tutauliza yetu: muuguzi mmoja aliyechoka moyo akiacha kazi, kufundisha mwingine kunachukua miaka mingapi?

Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu tunakutana tena, saa nane, pale pale. Viti tumeongeza kumi na mbili.